Chumvi Ianze Kupimwa Jikoni: Mwongozo wa Kuandaa Sera ya Kupunguza Chumvi Dar es Salaam

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya watu wenye uwezo wa kuamua kiasi cha chumvi kinacholiwa na wengine: msimamizi wa kantini ya kiwanda au ofisi, mwalimu anayesimamia chakula cha shule, kamati ya hospitali, mtendaji wa mtaa na afisa lishe wa manispaa. Sikumwandikia mgonjwa wa presha, kwa sababu mgonjwa ameshaambiwa mara nyingi apunguze chumvi, naye akitoka kliniki saa saba mchana hula chakula kilichopikwa na mtu mwingine, katika sufuria ambayo hana sauti juu yake. Kwa maoni yangu hapo ndipo juhudi zetu nyingi zinapopotelea, kwani tunamhimiza anayekula ilhali uamuzi uko kwa anayepika na kwa anayemlipa anayepika.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa juu, na ndani ya kiasi hicho ihesabiwe chumvi yote: ya kwenye mchuzi, ya kwenye mkate, ya kwenye kachumbari na ile ya kunyunyiza mezani. Wastani wa dunia, kwa makadirio ya shirika hilo, ni karibu gramu 11, zaidi ya mara mbili ya kiwango kinachoshauriwa. Mwaka 2013 nchi wanachama zilikubaliana kupunguza ulaji wa chumvi kwa asilimia 30 ifikapo mwaka 2025, na baadaye lengo hilo likasogezwa hadi 2030 kwa kuwa nchi nyingi hazikulifikia.

Hatua ya kwanza: hakikisheni kamati inaelewa kinachozuiwa

Kamati isiyoelewa sababu italegea siku ya kwanza mlaji atakapolalamika. Sehemu ya chumvi inayoleta madhara ni sodiamu. Ikizidi mwilini, mwili hushikilia maji ili kuizimua, damu inayozunguka huongezeka, na mishipa hubanwa kwa nguvu kubwa kuliko ilivyoumbwa kustahimili. Hali hiyo ikiendelea kwa miaka, kuta za mishipa hukakamaa, msuli wa moyo hunenepa kwa kusukuma dhidi ya shinikizo, figo huchoka, na hatimaye mshipa wa ubongo huziba au hupasuka. Kiharusi, shambulio la moyo, moyo kushindwa kufanya kazi na figo kufeli vina chanzo hiki kimoja cha pamoja, na shinikizo la juu la damu kwa kawaida halina dalili yoyote mpaka siku hiyo. Katika utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2012 kwa watu wa umri wa miaka 25 hadi 64, takriban mtu mmoja kati ya wanne alikutwa na shinikizo la juu la damu. Mnaoishi Dar es Salaam hamhitaji kuelezwa zaidi. Kila ukoo una mtu aliyeanguka akiwa bado na nguvu za kufanya kazi.

Jambo moja lisemwe mapema, kwa kuwa litaulizwa. Watu husema kwamba Dar ni mji wa joto, tunatoka jasho siku nzima, kwa hiyo tunahitaji chumvi nyingi. Mahitaji ya msingi ya mwili ni sehemu ndogo tu ya zile gramu 5, na mwili uliozoea joto hupunguza wenyewe chumvi inayotoka na jasho. Mpakiaji mizigo wa Kariakoo anahitaji maji zaidi, na chumvi iliyomo katika mlo wa kawaida inamtosha. Mtu anayeharisha na kupewa maji ya chumvichumvi na sukari ni suala jingine kabisa, lisichanganywe na hili.

Hatua ya pili: tafuteni chumvi inatoka wapi

Hapa ndipo ninapowaomba mtumie muda mwingi kuliko kwingine. Katika nchi tajiri sehemu kubwa ya chumvi, karibu robo tatu, huwa imeshawekwa kiwandani kabla chakula hakijamfikia mlaji, ndiyo maana sera zao zilianza na viwanda. Kwetu chumvi nyingi bado inatoka kwenye pakiti iliyoko jikoni na inaingia kwa mkono wa mpishi. Sera inayonakiliwa kutoka Ulaya bila kuzingatia tofauti hiyo itadhibiti biskuti na kuliacha sufuria la maharage kama lilivyokuwa.

Niliwahi kusimama katika jiko la kantini moja jijini, nikamwomba mpishi mkuu, mama wa makamo aliyepika hapo kwa zaidi ya miaka kumi, anionyeshe anavyoweka chumvi kwenye maharage. Alifungua pakiti, akaingiza vidole, akatoa chumvi kiganjani, akaizungusha juu ya sufuria kama anayepanda mbegu, akarudia mara nne. Nikamuuliza, "Shikamoo mama, ni vijiko vingapi hivyo?" Akaniitikia, kisha akasema, "Mwanangu, mimi sijui kijiko. Mimi najua mkono." Tulipokusanya chumvi ya kiganja chake kimoja na kuipima kwenye mizani, tukapata gramu 31; kiganja cha pili gramu 24; cha tatu gramu 37. Yeye mwenyewe alishangaa. Hakuwa mzembe hata kidogo. Kazi ya kupika watu zaidi ya mia moja kila siku alikuwa akiifanya vizuri, ila hakuna mtu aliyewahi kumpa kitu cha kupimia.

Kipimo chenyewe ni rahisi na hakihitaji maabara. Jumatatu asubuhi, kabla moto haujawashwa, pimeni chumvi yote iliyomo jikoni, pamoja na viungo vya pakiti na vile vipande vya kuongeza ladha ya mchuzi. Ijumaa jioni pimeni tena kilichobaki, mkiongeza chochote kilichonunuliwa katikati ya wiki. Tofauti yake igawanyeni kwa idadi ya sahani zilizouzwa. Chukulieni mfano wa kantini inayolisha watu 120 kwa siku, ambayo ilianza na pakiti sita za nusu kilo na ikabakiwa na gramu 600: imetumia gramu 2,400 kwa sahani 600, sawa na gramu 4 kwa sahani. Kama imetumia pia vipande 60 vya kiungo vya gramu 10 kimoja, na takriban nusu ya uzito wa vipande vya aina hiyo ni chumvi, hiyo ni nusu gramu nyingine. Mlo mmoja wa mchana umeshafikisha gramu 4.5, na mlaji huyo asubuhi alikunywa supu kwa chapati, na jioni atakula nyumbani. Hesabu hii si kamilifu, kwa kuwa kuna mchuzi unaobaki na maji ya kuchemshia yanayomwagwa, lakini inatosha kuanzia kazi.

Pamoja na mizani, andikeni ni chakula gani kinabeba chumvi. Tuna bahati moja ambayo hatuizungumzii: ugali wetu hupikwa bila chumvi. Wali, kinyume chake, hutiwa chumvi wakati wa kupikwa, kisha humiminiwa mchuzi ambao nao una chumvi yake, juu yake ikawekwa kachumbari iliyokamuliwa kwa chumvi. Samaki wa kukaushwa kwa chumvi, kama ng'onda na papa, wawe na mstari wao katika orodha, na mpishi aagizwe kuwaloweka na kumwaga maji walau mara mbili kabla ya kuwapika.

Hatua ya tatu: wekeni lengo, kisha mlifikie polepole

Nieleze kosa nililolifanya mwenyewe, ili lisirudiwe. Katika kantini ya kwanza niliyoishauri, tulikubaliana na uongozi tupunguze chumvi kwa nusu kuanzia Jumatatu, na tukabandika tangazo mlangoni. Jumanne wafanyakazi kadhaa walikuja na chumvi yao wameifunga kwenye karatasi. Ijumaa nusu ya viti vilikuwa vitupu, watu wamekwenda kwa mama lishe wa ng'ambo ya barabara, na wiki iliyofuata uongozi ukaamuru mambo yarudi yalivyokuwa. Wapishi ndio waliotupiwa lawama, jambo ambalo linanisikitisha hadi leo, kwa sababu agizo lilikuwa letu.

Ulimi huzoea. Mtu anayepunguziwa chumvi kidogo kidogo kwa wiki kadhaa huanza kuonja ladha ya chakula chenyewe, na kile alichokiona cha kawaida hapo awali hukiona kimezidi chumvi. Kwa hiyo punguzeni asilimia 10 kila baada ya wiki tatu, na msitangaze siku ya kupunguza. Sahani iliyoanza na gramu 4.5, ikipunguzwa hivyo mara nane, itafika chini kidogo ya gramu 2 baada ya takriban miezi sita, na gramu 2 ni lengo la haki kwa mlo wa mchana. Uingereza ilipita njia hii hii kwa taifa zima: kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000 viwanda vilipunguza chumvi katika mkate na vyakula vingine hatua kwa hatua bila mlaji kugutuka, chumvi ya mkate ikashuka kwa takriban asilimia 20 ndani ya miaka kumi, na ulaji wa wastani ukatoka gramu 9.5 kwa siku hadi 8.1 ifikapo mwaka 2011.

Jikoni, lengo hili ligeuzwe kuwa kitu cha kushikika. Pimeni kwenye mizani chumvi ya siku iliyokubaliwa, imimineni katika chombo cha plastiki kinachoonyesha ndani, sawazisheni, na pigeni mstari kwa kalamu isiyofutika. Kila asubuhi mpishi ajaze hadi mstarini, na chumvi ya siku hiyo ndiyo hiyo. Pakiti ifungiwe stoo. Baada ya wiki tatu pigeni mstari mpya chini ya ule wa kwanza. Ndani ya siku, mpishi mwenyewe ndiye agawe chumvi hiyo kati ya wali, nyama, maharage na mboga za majani, kwa kuwa yeye anajua chakula chake kuliko kamati nzima. Ushauri wangu ni kwamba wali upunguzwe kwanza, kwa sababu una mchuzi wa kuufunika, na maharage yawe ya mwisho, kwa sababu hayo yakikosa ladha kila mtu anajua.

Chumvi iwekwe mwishoni mwa mapishi, si mwanzoni, ili mpishi asiongeze mara mbili kwa kusahau. Mwonjaji naye asiwe mtu mmoja daima. Ulimi wa mpishi aliyekaa karibu na moto na kuonja sufuria tano tangu alfajiri umechoka. Mpeni kazi hiyo mhudumu aliyeingia muda huo.

Hatua ya nne: jazeni pengo la ladha

Hatua hii haihitaji maneno mengi kwa wapishi wa Pwani, ambao wanajua ladha kuliko mtaalamu yeyote wa lishe. Ndimu, ukwaju, tangawizi, kitunguu saumu, pilipili mbuzi, giligilani, bizari, hiliki, tui la nazi na embe mbichi vyote vinaamsha ulimi bila sodiamu. Kachumbari ikikamuliwa kwa ndimu badala ya chumvi, na kitunguu chake kikaloanishwa kwa maji baridi ili kutoa ukali, wengi hawatambui tofauti. Bajeti ya viungo hivi lazima iandikwe ndani ya sera. Msimamizi anayemnyima mpishi chumvi bila kumnunulia ndimu anamwacha peke yake mbele ya walaji.

Hatua ya tano: ondoeni chumvi mezani

Kichupa cha chumvi kisiwepo mezani, ila atakayeomba apewe. Kanuni hii ilianza kutumika katika mikahawa ya jimbo la Buenos Aires, Argentina, mwaka 2011. Mazoea ya wengi ni kunyunyiza kabla hata ya kuonja, kwa hiyo kule tu kulazimika kunyanyuka na kuomba kunatosha kumfanya mtu aonje kwanza.

Hatua ya sita: kaeni na wauzaji wa mtaani

Sera inayoishia kwenye geti la kantini itawafukuzia walaji nje ya geti. Mtendaji wa mtaa na afisa afya wa kata wawaite mama lishe, wauza chipsi, wauza mishikaki na wauza mihogo, wakae nao chini kama wenzao wa biashara, na wasiende na vitisho vya kufunga vibanda. Hakuna mama lishe anayetaka wateja wake wapate kiharusi. Anachokiogopa ni kupoteza wateja kwa jirani yake anayetia chumvi zaidi, na hofu hiyo ina mantiki, ndiyo maana wauzaji wa eneo moja washuke pamoja, kwa kiwango kimoja na kwa ratiba moja.

Kwa muuza chipsi kuna jambo dogo lenye matokeo makubwa. Chumvi yake huwa katika chupa ya maji ya plastiki ambayo kifuniko chake kimetobolewa kwa msumari wa moto. Kifuniko kimoja nilichokishika mkononi, katika kibanda kimoja cha Sinza, kilikuwa na matundu 22, na kijana mwenye kibanda aliitikisa chupa mara sita juu ya kila sahani ya chipsi mayai bila kuangalia, akiongea na mteja mwingine. Tulimpa kifuniko kipya chenye matundu matano. Mkono wake uliendelea kutikisa mara sita vile vile, kwa sababu mkono una mazoea yake, lakini kilichoanguka kwenye sahani kilikuwa kidogo zaidi, na kwa wiki nzima hakuna mteja aliyelalamika. Wazo hili si langu. Halmashauri ya Gateshead, kaskazini mwa Uingereza, iligundua kuwa maduka ya chipsi yalitumia vichupa vyenye matundu 17, ikagawa vyenye matundu matano. Manispaa ya Kinondoni au Temeke inaweza kufanya hivyo kwa gharama ndogo kuliko ya kuchapisha mabango.

Kwa muuza mihogo wa Coco Beach na muuza embe mbichi wa kituo cha daladala, chumvi na pilipili vinapochanganywa pamoja katika kopo moja, sehemu ya pilipili iongezwe na ya chumvi ipunguzwe. Mteja anayeomba "nitilie vizuri" atapata ukali anaoutaka.

Hatua ya saba: andikeni masharti katika zabuni

Mkate, soseji, siagi, kiungo cha pakiti na tambi za haraka vinaingia jikoni vikiwa na chumvi tayari, na mpishi hawezi kuitoa. Kinachoweza kuizuia ni mkataba wa ununuzi. Msomeni mzabuni kwa lebo yake: lebo nyingi huonyesha sodiamu kwa miligramu, nayo ikizidishwa mara 2.5 ndiyo chumvi. Mkate wenye miligramu 400 za sodiamu kwa kila gramu 100 una gramu moja ya chumvi, na mtu anayekula slesi nne asubuhi, kama gramu 120, ameshakula gramu 1.2 kabla ya kugusa kitu kingine.

Afrika Kusini ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza duniani kuweka viwango vya chumvi kisheria kwa aina nyingi za vyakula vya viwandani. Kanuni zake zilitangazwa mwaka 2013, viwanda vikapewa muda wa kujirekebisha, na mkate ukatakiwa usizidi miligramu 400 za sodiamu kwa gramu 100 ifikapo Juni 2016, kisha miligramu 380 ifikapo Juni 2019. Shule au hospitali ya Dar es Salaam haihitaji kusubiri sheria ya nchi ili kuandika takwimu hiyo hiyo katika zabuni yake ya mkate. Mwokaji anayeuza mikate mia tano kwa siku kwa mteja mmoja atasikiliza.

Hatua ya nane: lindeni madini joto

Kuna hatari moja ambayo sera mbaya inaweza kuileta. Chumvi yetu inatiwa madini joto kwa mujibu wa sheria, na ndiyo iliyotuepusha na tezi la shingo na udumavu wa akili kwa watoto wa mikoa ya bara. Mtu akisikia "punguza chumvi" asielewe "achana na chumvi ya pakiti, tumia ya mawe isiyo na madini". Sera iseme waziwazi kwamba chumvi yote itakayotumika itakuwa na madini joto, itatunzwa katika chombo chenye kifuniko, mbali na mvuke na jua, na itakuwa kidogo. Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa mambo haya mawili hayapingani, kwani kiwango cha madini joto kinachochanganywa kiwandani kinaweza kurekebishwa kadiri ulaji wa chumvi unavyoshuka. Chumvi ya bahari, ya mawe, au ile ya rangi ya waridi inayouzwa kwa bei kubwa katika maduka ya Masaki, yote ni sodiamu ile ile kwa moyo.

Mtaulizwa pia kuhusu chumvi mbadala, ambayo sehemu ya sodiamu imebadilishwa kwa potasiamu. Ushahidi wake ni mzito. Katika utafiti uliofanyika katika vijiji 600 vya China, uliohusisha watu karibu 21,000 waliowahi kupata kiharusi au wenye umri wa miaka 60 na zaidi na presha isiyodhibitiwa, waliotumia chumvi ambayo robo yake ni kloridi ya potasiamu walipata kiharusi pungufu kwa asilimia 14; matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Hata hivyo, siishauri kwa sufuria la pamoja. Mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia baadhi ya dawa za presha zinazozuia potasiamu kutoka mwilini, anaweza kudhurika moyo kwa potasiamu iliyozidi, na katika foleni ya kantini hamwezi kumjua. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Januari 2025 kuhusu chumvi hiyo nao haukuwahusisha watoto, wajawazito na wagonjwa wa figo. Iachwe kwa matumizi ya nyumbani, baada ya mhusika kuzungumza na daktari wake.

Hatua ya tisa: andikeni sera yenyewe, ukurasa mmoja

Sera ndefu hufungiwa kabatini. Nakala ninayoipendekeza ina vifungu vichache, nanyi mnaweza kuvichukua kama vilivyo:

"Chumvi yote inayotumika katika jiko hili itapimwa kila siku kwa chombo kilichowekwa alama, na kiasi chake kitaandikwa katika daftari. Kiasi hicho kitapunguzwa kwa asilimia 10 kila baada ya wiki tatu hadi kifikie gramu 2 kwa sahani ya mlo wa mchana. Chumvi itakuwa yenye madini joto. Meza za chakula hazitawekwa chumvi. Mkate utakaonunuliwa hautazidi miligramu 380 za sodiamu kwa gramu 100. Uongozi utatenga fedha za ndimu, viungo na mboga za majani. Mpishi hataadhibiwa kwa malalamiko ya mlaji yanayotokana na utekelezaji wa sera hii."

Kifungu cha mwisho msikiondoe. Kwa shule, ongezeni kwamba kiwango cha mtoto kiwe chini ya cha mtu mzima kulingana na umri na chakula anachohitaji, kwa sababu ladha inayojengwa utotoni ndiyo mtu anayozeeka nayo.

Hatua ya kumi: pelekeni takwimu zenu juu

Kantini moja haiwezi kubadilisha lebo za viwanda. Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo lenye dhamana ya usalama wa chakula, pamoja na Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania na Wizara ya Afya, ndio wenye uwezo wa kuweka ukomo wa chumvi na lebo inayosomeka. Ufini, iliyoanza mradi wake wa North Karelia mwaka 1972 wakati wanaume wake walikuwa wakifa kwa ugonjwa wa moyo kuliko karibu kila mahali duniani, iliunganisha elimu ya vijijini, mabadiliko ya viwanda na, katika miaka ya 1990, sheria ya kutaka chakula chenye chumvi nyingi kitambulishwe hivyo kwenye pakiti. Chile tangu mwaka 2016 huweka alama nyeusi ya pembe nane mbele ya pakiti, ambayo hata mtoto asiyejua hesabu anaielewa. Hungaria ilianzisha kodi kwa vitafunwa vyenye chumvi nyingi mwaka 2011. Kati ya hizo, lebo ya mbele ndiyo ningeianza hapa kwetu, kwa sababu mnunuzi wa dukani Manzese hana nafasi ya kuzidisha miligramu kwa 2.5 akiwa amesimama kwenye foleni. Afisa lishe wa manispaa anayekwenda kikaoni na daftari la vipimo vya majiko ishirini ya wilaya yake atasikilizwa tofauti na anayekwenda na mapendekezo matupu.

Hatua ya kumi na moja: pimeni tena

Kabla ya mabadiliko ya kwanza, ombeni kituo cha afya cha karibu kije kupima presha ya wafanyakazi, na kipime tena baada ya miezi sita na mwaka mmoja. Atakayekutwa na 140 kwa 90 au zaidi apelekwe kliniki kwa vipimo vya kurudia, na anayetumia dawa asiache dawa kwa sababu chakula kimebadilika; uamuzi huo ni wa daktari wake. Msitarajie kila mtu ashuke, na msimtangaze yeyote kwa jina. Kwa taasisi yenye uwezo, au inayoshirikiana na chuo kama Muhimbili, kipimo cha uhakika cha ulaji wa chumvi ni mkojo uliokusanywa kwa saa 24 kamili, kwa kuwa sehemu kubwa ya sodiamu inayoliwa hutoka kwa njia hiyo. Kipimo cha mkojo wa mara moja ni rahisi zaidi lakini kinakosea kwa mtu mmoja mmoja.

Upimaji wa mizani jikoni urudiwe kila baada ya miezi mitatu, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa utaratibu ule ule wa mwanzo. Usifanyike katika mwezi wa Ramadhani, wala katika wiki yenye sikukuu au sherehe ya kantini, kwa sababu idadi ya sahani na aina ya chakula hubadilika na hesabu itawadanganya. Daftari la vipimo likae jikoni, kwenye rafu iliyo juu ya chombo cha chumvi, si ofisini kwa msimamizi, na mpishi mkuu ndiye aandike tarakimu kwa mkono wake.